Meli Inayotumia Huzuni

Mama Stoo alilishusha juzuu la mwisho la Taji la Kimondo kutoka juu ya kabati kwa mikono miwili, akalipima uzito, akaligeuza kuangalia mgongo, akapitisha kidole kwenye gundi. Ufungaji mzuri. Karatasi nzito ya kung'aa, isiyopenyeza wino. Kisha akafungua katikati, akakutana na picha ya mwanamume mwenye ndevu za moto akilia juu ya jiwe linaloongea. Akafunga.

"Na hiki husomwa na watu wazima?"

"Watu wazima, Mama," akajibu mkwe wake kutoka chini.

Alijibu kutoka chini kwa sababu ndiko uso wake ulikokuwa. Alikuwa amelala kifudifudi kitandani, kifua juu ya mito miwili, paji la uso limekaa kwenye taulo lililosokotwa kama kata, pua ikielekea sakafu ambayo hakuiona, maana macho yote mawili yalikuwa yamefungwa bendeji. Lililougua ni la kulia. Utando wa nyuma ya jicho ulibanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, daktari akaurudisha mahali pake, kisha akajaza kiputo cha gesi ndani ya jicho kiukandamize mpaka ushike. Kiputo siku zote hupanda juu, kama kile cha kwenye pima maji ya waashi, kwa hiyo kisogo ndicho kilichotakiwa kutazama dari. Jicho la kushoto lilikuwa zima kabisa, lakini nalo likafungwa, kwa kuwa macho hutembea pamoja: zima likikimbilia kitu, gonjwa linalifuata.

"Kula, uso chini," daktari alikuwa amesema. "Kuoga, uso chini. Chooni, uso chini. Wiki nzima. Akiinua kichwa gesi inahama, utando unabanduka tena, na mara hiyo mimi sina ahadi."

Kwa mtu mwingine jicho moja lingemtosha. Kwa huyu, hapana. Wenzake walimwita Twiga kwa sababu alishinda juu ya shingo ya kreni, akishusha mihimili ya zege kwenye nafasi isiyozidi upana wa kiganja, na huko juu mwenye jicho moja hapandishwi, hata kama ana barua ya nani. Jicho likishika, kazi ipo. Lisiposhika, angekwenda kuungana na wanaofungua na kufunga geti.

Binti yake Mama Stoo, mke wa huyo Twiga, alikuwa mwokaji mikate, na kiwanda cha mikate kilimnyima ruhusa. Basi mama mtu akachukua likizo yake mwenyewe. Alikuwa mkuu wa stoo kwenye kiwanda cha samani, mwanamke mwenye stashahada ya ugavi na sauti ya kufika mwisho wa ghala bila kipaza, na jina la Mama Stoo lilikuwa limemganda mpaka shemeji zake walilitumia. Alikuja na begi dogo, akafungua madirisha, akabadilisha mashuka mgonjwa akiwa juu yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Mkwe wake, katika miaka yote ya ndoa, hakuwahi kumwambia zaidi ya "Ndiyo Mama," "Ahsante Mama," na "Karibu tena Mama." Sasa walikuwa wawili, chumbani, kutwa nzima.

Redio Twiga aliikataa. Habari zilimchosha, muziki ulimtia hamu ya kutikisa kichwa. Shingo ilimuuma, mabega yalimwasha, na kila gari lililopiga honi barabarani, kichwa kilitaka kwenda dirishani. Mama Stoo alimwangalia akijinyonganyonga kama nguo inayokamuliwa, akaona wiki haitaisha salama.

"Unataka nini nikupe utulie?"

Ndipo Twiga akamwambia habari za kile kitabu cha hadithi ya picha. Kilikuwa juu ya kabati. Aliyekileta ni rafiki yake, fundi nondo wa pale kazini, mtu ambaye hakuweza kulitaja Taji la Kimondo bila kuongeza kwamba limepata tuzo. Alisema hivyo mlangoni alipokileta, akasema tena kwenye ngazi akiondoka. Mama Stoo akambatiza papo hapo: Bwana Tuzo. Twiga alikuwa amesoma majuzuu yote yaliyotangulia, akasubiri hili la mwisho zaidi ya mwaka, nalo likatoka wiki ileile jicho lilipobanduka.

"Hebu nieleze kwanza," akasema Mama Stoo. "Mtu hasomi kitu asichojua kinahusu nini."

"Ni Nahodha, Mama, ana meli ya angani. Anamtafuta binti yake aliyechukuliwa na Malkia wa Majivu."

"Meli inatumia nini?"

"Huzuni."

"Nauliza mafuta."

"Ndiyo mafuta yenyewe, Mama. Nahodha akihuzunika, injini inanguruma. Akifurahi, inazima."

Mama Stoo alilitafakari hilo kwa haki yote aliyoweza kuipata.

"Kwa hiyo siku mkewe akimpikia chakula kitamu, meli nzima inaanguka."

"Mkewe alikufa juzuu la kwanza."

"Afadhali. Huyo mwandishi ana akili kidogo."

Akaanza kusoma. Alisoma kama mtu anayehesabiwa muda: "Hapa kuna mtu. Ana panga. Hapa kuna mwingine, naye ana panga. Wanagombana. Hapa pana moshi. Ukurasa umeisha."

"Moshi wa rangi gani, Mama?"

"Wa moshi."

"Nahodha amesimama upande gani?"

"Upande wa kitabu."

Kisha shingo ikaanza kurefuka. Ilitoka taratibu kwenye taulo, kama ya kobe, na mkono wa kulia ukapanda kuelekea kwenye bendeji.

"Shingo!"

Kichwa kikadondoka.

"Nilitaka kuona kidogo tu, Mama."

"Ona kidogo, upofuke kabisa! Mtu mzima, una mke, unauza jicho kwa ajili ya moshi!"

Lakini alipotulia alilitazama jambo lile kama kosa la kazi, na kosa akaliona kuwa lake. Kule stoo, kila asubuhi alimpigia msambazaji simu kuagiza kitu ambacho yule hakioni. Ukisema "nitumie boliti zile," unaletewa lori la takataka. Unasema urefu, unene, umbo la kichwa, meno ya hesi, imepakwa nini. Ukimaliza, mtu wa upande wa pili anakuwa ameishika mkononi. Huyu mkwe alikuwa anainua kichwa kwa sababu alipewa mzigo nusu. Basi akarudi ukurasa wa kwanza, akavaa miwani.

"Sikiliza. Picha ya kwanza imechukua juu yote ya ukurasa. Anga ya zambarau, rangi ya koti la mshereheshaji asiye na haya. Meli inaingia kutoka kushoto. Ni taya la samaki mkubwa, mfupa mtupu, meno yapo. Palipong'oka jino wameweka dirisha. Hakuna ngazi. Hakuna mlango wa dharura. Nahodha yuko nje, kwenye ncha ya taya, amesimama kwa mguu mmoja."

"Amejifunga kamba?"

"Hana kamba. Hana kofia ngumu. Ana joho linapepea."

"Bila kamba!" Twiga alisema kwa uchungu wa kikazi kabisa. "Kwa urefu ule! Msimamizi wetu angemfukuza kabla ya chai."

"Mimi ningemfukuza kabla hajaingia. Joho jeupe, limetoka vitani, halina hata doa. Nani anamfulia huyu? Picha ya pili."

Na hivyo wakaenda. Kichwa hakikuinuka tena siku ile. Mama Stoo alieleza kila picha mpaka ikawa na uzito, na kila alipomaliza kuieleza, aliitukana. Mtawa wa chuma aliyesali kwa namba alimwita friji lenye dini. Upanga unaoongea aliuambia unyamaze. Waandishi wa nyuma ya jalada walioandika kwamba kitabu hiki "kinatikisa mipaka ya mawazo" aliwasoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya panya. Dharau yake haikumuudhi Twiga hata kidogo. Alicheka kimyakimya, mgongo ukitikisika, mpaka akakemewa aache.

Palikuwa na shida moja tu. Karibu na robo ya kitabu, Nahodha alikutana na rubani mwanamke wa meli adui, na picha zikafuatana kurasa mbili ambazo mama mkwe hawezi kumweleza mkwe wake.

"Hapa wanasalimiana," akasema Mama Stoo.

Twiga akasubiri. Karatasi ikageuzwa.

"Bado wanasalimiana."

"Kwa kurasa mbili, Mama?"

"Ni watu wa adabu ndefu. Tuendelee."

Jioni binti yake alirudi na harufu ya hamira kwenye nywele, akamkuta mumewe ametulia kama gunia, mama yake ananyoosha mgongo.

"Mama, unakisoma kweli? Kikoje?"

"Upuuzi uliopigwa pasi."

"Mbona umefika mbali hivi?"

"Nalinda jicho. Ningeambiwa kusoma maandishi ya kopo la rangi kunalilinda, ningesoma kopo."

Na alimaanisha. Hakuwa mtu wa kugeuza maneno kwa sababu ya kuzoea. Alivyozidi kukijua kitabu ndivyo alivyozidi kukidharau, na alikuwa na sababu zake. Watu wale walisafiri miaka bila kula. Vita vilianza kwa kuwa mtu alikataa kujibu swali rahisi. Kila mwenye busara alizungumza kwa mafumbo, kila mwenye mafumbo alikuwa na ndevu, na hakuna aliyewahi kusema, "Samahani, sijakuelewa, rudia." Kusifiwa kote huko, Mama Stoo aliona, kulitokana na watu kuogopa kuonekana hawajaelewa. Yeye hakuwa na hofu hiyo. Alielewa, na hapakuwa na kitu.

Balaa likaja na Malkia wa Majivu. Katikati ya juzuu, Malkia alisimama kwenye kiti chake cha makaa akaanza kuhutubia. Kurasa na kurasa. Picha moja ileile, uso wake, na maneno yamejazana kama nzi kwenye kidonda. Milele ni nini. Jivu ni nini. Mama Stoo alisoma mpaka koo likakauka, na kwa pembeni ya miwani akaona mabega ya mkwe wake yameanza. Kwanza la kushoto. Kisha kiuno. Kisha paji la uso likabingirika kwenye taulo, upana wa ukucha, likarudi, likabingirika zaidi.

"'Na jivu lenyewe,'" alisoma Mama Stoo, "'ni moto uliosahau...'"

Kichwa kikaanza kuinuka. Twiga hakujua kwamba kinainuka. Kilikwenda chenyewe, kwa uchovu.

"'...uliosahau jina lake,' akasema Malkia, akateleza kwenye kiti, akaanguka, akafa."

Kichwa kikarudi chini kama kilichopigwa msumari.

"Nini?!"

"Amekufa. Shingo imevunjika."

"Malkia wa Majivu? Hivi hivi?"

"Viti vya makaa havina mahali pa kushika."

Twiga hakutikisika kwa muda mrefu kuliko wakati wowote tangu alazwe pale. Mama Stoo aliangalia mabega yake, yametulia kama ubao, akaangalia hotuba iliyobaki, akairuka yote.

Asubuhi iliyofuata alijipa ruhusa kidogo zaidi. Alipokuwa akingoja maji yachemke jikoni alikuwa amesoma mpaka mwisho, na mwisho ule ulimkera kiasi cha kuzima jiko. Basi alipokaa kwenye kiti chake cha plastiki alishika kitabu kilekile, akageuza kurasa zilezile, ila yaliyotoka mdomoni yalikuwa yake. Mtawa wa chuma alipewa kazi ya maana, akaanzisha ghala ndani ya meli. Kila kitu kikawekwa rafu. Rubani mwanamke aligundua kwamba huzuni ni mafuta ya hasara, akafunga injini nyingine pembeni, ya kawaida, yenye pampu. Upanga ukauzwa. Twiga alilala kifudifudi akisikiliza huku mdomo wazi, mate yakidondoka sakafuni.

"Mwandishi amebadilika sana, Mama," alisema mara moja.

"Watu hukua," akajibu Mama Stoo.

Alasiri, siku moja kabla ya kurudi kwa daktari, Bwana Tuzo akabisha hodi. Alikuja na machungwa kwenye mfuko, vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Vua viatu."

Akavua, akachuchumaa karibu na kitanda ili awe usawa wa masikio ya mgonjwa. "Twiga, ndugu yangu! Mmefika wapi?"

"Karibu tunamaliza. Zimebaki kurasa chache."

"We! Hotuba ya Malkia uliionaje? Ile ya jivu? Mimi nililia mbele ya mke wangu, akanicheka. Na pale mwishoni Malkia anapomrudisha binti kwa mikono yake mwenyewe..."

Mama Stoo alimpiga jicho. Bwana Tuzo hakuliona, alikuwa ameyafumba yake kwa utamu.

"Malkia gani?" akauliza Twiga.

"Malkia wa Majivu."

"Si amekufa? Alianguka kwenye kiti."

"Kiti gani? Nani kakwambia? Malkia hafi! Yeye ndiye..."

Bwana Tuzo akafumbua macho, akamtazama Mama Stoo, akaangalia chini.

"Mama," akasema Twiga. Sauti yake ilikuwa ndogo na ngeni. "Injini ya pampu?"

"Ilikuwa lazima."

"Ghala?"

"Meli yoyote inahitaji ghala."

"Mama, nimekisubiri kitabu kile zaidi ya mwaka!"

Akainuka. Safari hii haikuwa shingo ya kobe. Viwiko viwili vilikita godoro, mgongo ukapanda, mkono ukaenda kwenye bendeji kuibandua, apate kuona mwenyewe bila uongo wa mtu. Mama Stoo hakupiga kelele. Aliruka kutoka kwenye kiti, akaweka kiganja kwenye kisogo cha mkwe wake, akambana mpaka paji likarudi kwenye taulo, na goti lake likakaa kwenye mkono ule. Hakuwahi kumgusa mtu huyu zaidi ya kumpa mkono siku ya harusi.

"Nitukane ukiwa chini," akasema, akihema. "Nitukane upendavyo. Lakini chini."

"Niachie."

"Sikuachii. Nimedanganya, sawa. Ulikuwa unainuka na mimi nilikuwa na mdomo tu. Kesho daktari akisema limeshika, nifukuze. Leo kichwa hiki ni changu."

Alihisi shingo ikisukuma kiganja chake, mishipa imekaza kama kamba za kreni. Kisha ikalegea kidogo.

"Nataka mwisho wa kweli," Twiga akasema ndani ya taulo. "Asome yeye."

"Asome," akasema Mama Stoo. Hakuondoa mkono.

Bwana Tuzo akachukua kitabu kwa heshima, akatafuta ukurasa, akakohoa. "Haya. Malkia anamrudisha binti. Nahodha anamwona. Halafu... daah. Twiga, hapa huwezi kueleza. Hapa ni mpaka uone. Yaani rangi ile! Na sura yake! Kurasa nane hazina neno hata moja, ndugu yangu, picha tupu, ni... ungeona tu!"

Shingo ikakaza tena chini ya kiganja.

"Lete hapa," akasema Mama Stoo. "Wewe unampenda rafiki yako au unataka kumpofusha? Nishikilie kitabu. Juu kidogo. Usitetemeshe."

Na akiwa ameinama hivyo, goti moja kitandani, mkono mmoja kwenye kisogo, akasoma kurasa alizozidharau kuliko zote.

"Nahodha amepiga magoti. Binti yuko mbele yake, umri wa kama miaka saba, amevaa kiatu kimoja. Soksi ya mguu mwingine imetoboka, dole gumba limechungulia. Nahodha haangalii uso wake. Anaangalia lile dole. Picha inayofuata, mdomo wa Nahodha tu, ndevu zimezimika moto, zimebaki nywele za kawaida, za kijivu. Mdomo umeanza kwenda pembeni. Inayofuata, anacheka. Meno ya chini yamepinda."

"Injini?" Twiga akanong'ona.

"Ndio ukurasa unaofuata. Geuza, wewe. Injini imezimika. Ilikuwa nyekundu, sasa ni rangi ya chungu kilichopoa. Ukurasa wa pili wa kuanguka: meli imeinama, kitako juu. Vitu vinatoka. Birika, limepinduka, maji yametoka yote pamoja, yamekaa hewani kama yai. Sufuria tatu, kubwa, ya kati, ndogo, zimetoka moja ndani ya nyingine. Godoro. Chanuo lenye nywele. Mbwa, amelala, hajaamka bado." Akasita kidogo. "Huyu mchoraji kumbe anajua kuchora vitu. Majuzuu yote haya alikuwa wapi? Geuza. Mtawa wa chuma anaanguka, mikono amekunja kama aliyekaa kwenye benchi. Watu wengine wanaanguka. Wanacheka. Nahodha amemshika binti, mkono umefunika lile dole lisipate baridi. Chini yao hakuna ardhi. Wanaanguka kwa ukurasa wa sita, wa saba, wanazidi kuwa wadogo. Kwenye wa nane ni wadogo kama punje za pilipili manga. Geuza."

Bwana Tuzo akageuza.

"Mweupe," akasema Mama Stoo.

"Mweupe vipi?"

"Hauna kitu. Na unaofuata. Na unaofuata. Huo ndio mwisho. Kurasa tatu za karatasi tupu, nzito, ya kung'aa. Ningekuwa mimi ningezirudisha kiwandani."

"Mama. Tafadhali. Mweupe vipi?"

Mama Stoo akainama karibu zaidi. Alikuwa na nafasi ya kuweka chochote pale, nchi kavu, mti, mkono wa kuwadaka. Aliangalia weupe ule kwa muda, kiganja chake kikipanda na kushuka na pumzi ya mkwe wake.

"Mweupe kabisa," akasema. "Kwenye pembe ya chini kuna alama ya kidole cha rafiki yako, yenye kutu ya nondo. Kingine hakuna. Sikudanganyi."

Twiga alianza kutetemeka. Walidhani analia, na Mama Stoo akawa anatafuta neno la kumkemea, maana machozi nayo yalikatazwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mto mmoja ukaanguka, naye mama mkwe akambana kwa mikono yote miwili, "Kichwa! Kichwa, wewe!" na Bwana Tuzo akasimama pembeni na kitabu kifuani, akilia wazi kama mtoto.

Kesho yake wote watatu walikwenda hospitali, Twiga kidevu kifuani, mkewe amemshika mkono huu, Mama Stoo ule. Daktari alifungua bendeji, akazima taa, akachungulia kwa muda uliowachosha. Mama Stoo alisoma bango la ukutani kuhusu kunawa mikono, akalisoma tena.

"Limeshika," daktari akasema. "Inua kichwa. Taratibu. Gesi itaisha yenyewe wiki zijazo, utaona ukungu, usiogope. Kreni baadaye, nikishakupima tena. Lakini limeshika."

Binti wa Mama Stoo aliangua kilio pale pale. Twiga aliinua kichwa kidogo kidogo, uso umevimba, una mistari ya taulo, akatazama ukuta kwa jicho la kushoto kama mtu aliyeuziwa ukuta huo.

Walipotoka kwenye korido, mke akapangusa pua, akauliza kwa ajili ya kuongea tu: "Haya, na kitabu chenyewe? Mimi nikisome au nisikisome?"

"Usikisome," akasema Mama Stoo. "Utapoteza siku zako. Mtu aliyeshindwa kumaliza hadithi ameacha karatasi, watu wakampa tuzo kwa kuacha."

"Kisome," akasema Twiga. "Ni kizuri. Mama hakuuelewa mwisho."

Mama Stoo akasimama. Binti akamkodolea macho mumewe, kisha mama yake, kisha sakafu.

"Rudia," akasema Mama Stoo.

"Hukuuelewa, Mama. Yule mtu alibeba meli nzima kwa huzuni yake miaka yote. Alikuwa na haki ya kucheka."

"Na abiria? Wao walikuwa na haki gani? Nahodha ameona dole gumba, basi meli nzima ianguke?"

"Nao walikuwa wanacheka. Umesema mwenyewe."

"Nimesema watu wengine. Wote sikusema. Wewe hukuona, mimi ndiye niliyeona. Mmoja hakuwa anacheka."

Twiga akageuka mwili mzima, kwa kuwa shingo haikukubali. "Yupi?"

"Yule rubani wako wa salamu ndefu. Ukurasa wa tano, chini kulia, kapicha kadogo. Ameshika mlango."

"Hukuniambia!"

"Ulikuwa unajinyonganyonga kwenye mikono yangu, ningekwambia saa ngapi?"

"Ameshikaje? Anaufungua atoke, au anauzuia usifunguke?"

Kitanda cha magurudumu kilikuwa kinakuja, mhudumu akiomba njia kwa sauti. Mama Stoo alimsogeza mkwe wake ukutani kwa kiwiko, akafumba macho kuitafuta ile picha.

"Mkono wa kushoto uko kwenye komeo. Wa kulia umetandazwa kwenye ubao, vidole vyote. Mguu mmoja nyuma."

"Basi anazuia!"

"Au anasukuma. Huyo mchoraji mikono hajui kuchora, vidole ameweka kama ndizi. Nilikwambia ni upuuzi. Twende, tumeziba njia."